Kanuni Isiyokosea, Lakini Isiyo na Sababu

Mtu akitoa hitimisho, anaweza kuulizwa maswali mawili. Limetoka wapi? Na je, njia uliyopita imewahi kumpotosha mtu? Mara nyingi tunamwona aliyejibu la pili kuwa amejibu na la kwanza. Mantiki inatufundisha kuyatenganisha.

Mwaka 1955 Paul Lorenzen, mwanamantiki wa Ujerumani, aliingiza wazo la kanuni inayokubalika: kanuni ambayo hata ukiiongeza kwenye mfumo, haizai thiorema mpya. Kanuni inayotokana ni jambo jingine. Hiyo hatua zake zote huandikika kwa aksiomu na kanuni ambazo mfumo unazo tayari. Kila kanuni inayotokana hukubalika. Kinyume chake ndicho chenye utata. Katika mantiki ya kawaida ya sentensi aina hizi mbili hulingana, ndiyo maana tofauti yao haionekani upesi.

Huonekana tukifika kwenye mantiki ya lazima na uwezekano. Chukua K, mfumo wa msingi wa jamii hiyo, na kanuni hii: kutoka "lazima p", hitimisha "p". Kanuni hii haitokani na K. Katika mantiki hii "lazima p" ni kweli kwenye ulimwengu fulani ikiwa p ni kweli katika kila ulimwengu ambao huo unauona. Fikiria ulimwengu usioona ulimwengu wowote, hata wenyewe. Humo kila kitu ni lazima, hata uongo, kwa kuwa hakuna mahali pa kukikanusha. Basi "lazima p" ni kweli, na p inaweza kuwa si kweli. Hata hivyo kanuni inakubalika. Ikiwa A si thiorema, upo ulimwengu ambamo A inashindwa. Ongeza ulimwengu mpya unaouona huo, na "lazima A" itashindwa katika huo mpya. Kwa hiyo "lazima A" ikiwa thiorema, A nayo ni thiorema.

Tazama uthibitisho huo ulivyokwenda. Haukutoka kwenye "lazima A" ukaifikia A. Ulizunguka mfumo mzima, ukitegemea uhuru wetu wa kuongeza ulimwengu. Uhuru huo ukizuiwa, kanuni inaanguka. Weka aksiomu kwamba hakuna ulimwengu unaoona ulimwengu wowote, hata wenyewe: mfumo hauna mgongano, lakini "lazima uongo" sasa ni thiorema, na uongo wenyewe si thiorema. Ni kama kijiji ambacho kila mwenye mashua ana wavu pia. Ukiona mashua unajua wavu upo, mpaka ahamie mgeni mwenye mashua tupu.

Mtu atasema: kama kanuni haileti kosa, sababu ya nini? Jibu ni kwamba fikra nyingi huanza na dhana, si na thiorema. Anayesema "tuchukulie kuwa lazima p" hana ruhusa ya kuitumia kanuni hii, maana dhamana yake inahusu yaliyothibitishwa tu. Mwaka 1984 Vladimir Rybakov alionyesha kwamba kwa S4, mfumo mwingine wa mantiki ya lazima na uwezekano, tunaweza kupima kwa hesabu iwapo kanuni yoyote inakubalika. Kipimo hicho kinatuambia kanuni ni salama ndani ya S4. Hakitugeuzii usalama kuwa sababu. Na anayepanua mfumo kwa aksiomu mpya anaweza kuziacha kanuni zinazotokana zilivyo. Zile zilizokubalika tu, lazima azipime upya moja moja.