Je, Fundi Amwulize Mtoto?

Liko neno tunalotaka kulipima pamoja nanyi. Mtu aliyefundishwa kazi yake, awe fundi wa majengo, au mwuguzi, au mwalimu, je, yampasa kuwauliza watoto kabla ya kutengeneza kitu watakachokitumia wao? Wako wazee hapa Endamarariek watakaosema, La, maana mtoto huamriwa, haulizwi. Hatuwadharau. Mtoto aliyelelewa bila kuamriwa huwa taabu kwa nyumba nzima.

Lakini na tutazame choo cha shule. Fundi hupima tundu kwa mguu wa mtu mzima, na komeo hulitia mahali panapofaa mkono wake mwenyewe. Ndani ni giza. Mtoto wa darasa la kwanza huingia mara moja, huogopa kuanguka, na tangu siku ile huenda vichakani. Na msichana mkubwa, mlango usipofungika, hukaa nyumbani siku zake za mwezi zikifika. Kazi imekwisha, fedha zimelipwa, wakubwa wamekagua na kuridhika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na bomba la maji ni vivyo hivyo: wachotao ni wanawake na watoto, lakini waamuao lisimame wapi mara nyingi ni wengine.

Hapo twaona ya kuwa kumwuliza mtoto si kumtawaza. Mzee ndiye atakayeamua, naye ndiye atakayejibu mambo yakiharibika. Lakini mtoto ni shahidi wa jambo ambalo mzee hakuliona, na mwamuzi asiyesikia shahidi hahukumu kwa haki. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, yampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, kama yasemavyo Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1989, ambayo Tanzania iliyakubali mwaka 1991. Hata zamani, huko Warsaw, daktari Janusz Korczak aliongoza nyumba ya yatima tangu 1912, mpaka alipouawa pamoja na watoto wake mwaka 1942. Humo watoto walikuwa na baraza lao la hukumu, na mlezi naye aliweza kushtakiwa mbele yake.

Ila kuuliza nako ni kazi ya kujifunza, nasi twadhani hapa ndipo penye upungufu mkubwa. Fundi atokaye mjini akiwakusanya watoto mbele ya mwalimu wao na kuuliza, "Mwapenda choo kipya?" wote watajibu, "Ndiyo." Hakupata kitu. Wadogo wetu wengi husema Kiiraqw nyumbani, na Kiswahili chao bado ni kichanga. Tena ni nani athubutuye kumkana mgeni mbele ya mkubwa wake? Afadhali atembee nao, wamwonyeshe njia wapitayo na mahali waogopapo. Awape kijiti wachore mavumbini. Wasichana waulizwe na mwanamke wanayemwamini. Naye anyamazaye angojewe. Kisha arudi awaambie lipi limefanyika, lipi limeshindikana, na kwa nini. Asiporudi, mara ya pili hawatamwambia kweli, wala si kosa lao.

Haya mtu hajifunzi kwa ubao. Asomeaye kazi apelekwe shuleni asubuhi moja, akae kimya, atazame ni nani afikiaye bomba na ni nani aombaye kuinuliwa. Na wazee wakiuliza gharama, komeo likishushwa kabla halijapigiliwa halidai hata senti moja.