Divai Ilipowaishia: Neno Kuhusu Arusi Zetu

Somo: Yohana 2:1-11



Juma hili tumeona vyema tuseme juu ya jambo ambalo tumezoea kulisema pembeni, nalo ni arusi. Katika kanisa letu wako watu wanaoishi kama mume na mke, wana watoto wawili au watatu, lakini hawajasimama mbele ya madhabahu. Siku ya Meza ya Bwana wanabaki wamekaa huku wenzao wakienda mbele. Ukiwauliza, hawasemi kwamba hawataki. Wanasema, "Bado tunajipanga." Na huko kujipanga si kwa ajili ya kiapo, maana kiapo hakiuzwi. Ni kwa ajili ya karamu.

Sisi tuliovuka mpaka mwanzoni mwa 2008, kwa sababu ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tuliingia kwa njia ya Busia na Malaba, wengine tukiwa na nguo za mwilini peke yake. Tulikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, chini ya mahema, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo. Siku zile hakuna aliyemwuliza mwenzake ana viti vingapi vya plastiki. Sijui, sijui, tulianza lini kuulizana!

Kijana mmoja wa kanisa hili, jina lake tunaliacha, alitaka karamu yake ifanyike Tororo mjini. Haja yake ilikuwa nzuri. Ndugu zetu waliobaki Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho, lakini mkimbizi Mkenya akirudi ng'ambo anaweza kuihatarisha hadhi yake. Kwa hiyo mzazi na mtoto hukutana upande huu wa Uganda. Lakini haja nzuri ilifuatwa na ukumbi, turubai, gari lenye maua, mtu wa video, na basi la kuwabeba wageni kutoka huku mpaka kule, mwendo wa siku nzima kupitia Kampala. Pesa zilikopwa. Picha zilitoka vizuri sana. Ila mahindi ya msimu uliofuata yalivunwa yakiwa tayari ni ya mtu mwingine. Hatumcheki, kwa sababu ni sisi tuliokuwa kwenye kamati, na ni sisi tuliopiga makofi kila kitu kilipoongezwa.

Sasa tazameni Kana. Karamu za Wayahudi zilichukua siku nyingi. Ile ya Samsoni ilikuwa ya siku saba (Waamuzi 14). Divai kuisha katikati ilikuwa aibu ambayo kijiji kingeisimulia miaka. Mariamu aliona upungufu. Hakusimama kutangaza. Alimwambia mmoja tu, yule awezaye, kisha akawaambia watumishi wamtii. Kwetu sisi wali ukipungua, habari hufika kila bloku kabla ya jua kutua.

Palikuwa na mabalasi sita, kila moja la nzio mbili au tatu. Nzio ni karibu lita 40. Pigeni hesabu: ni kati ya jeriken 24 na 36 za lita 20. Ninyi mnaoijua foleni ya kisima mtaelewa kazi waliyoifanya watumishi wale, na hakuna aliyewashukuru. Mkuu wa meza alimsifu bwana arusi, ambaye hakuwa amefanya lolote. Na Bwana Yesu akaacha iwe hivyo. Aibu ya nyumba ile ilifunikwa bila wageni kujua kwamba ilikuwapo.

Basi, ikiwa wako watu katikati yetu wanaokaa mbali na Meza kwa kukosa soda na keki, ni nani aliyepaswa kuchota maji? Tangu 2020 mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa asilimia 30, na tangu 2023 familia zilipogawanywa katika makundi kufuata uhitaji, hakuna nyumba moja hapa inayoweza kulisha watu mia mbili. Hata mgeni mwenyewe anajua.

Wako wengine wawili waliofanya tofauti. Walifunga ndoa Jumapili ya kawaida, baada ya ibada, watu wakiwa wamekwisha kufika. Akina mama walileta chai na mandazi, kila bloku sufuria moja ya chakula. Keki ilikuwa mkate mkubwa uliookwa juu ya makaa, ukakatwa vipande vidogo mpaka watoto wa mwisho wakapata. Gauni liliazimwa. Kisha wao wawili tu wakapanda basi kwenda Busia ya Uganda, nauli ya watu wawili badala ya arobaini, na wazee wakavuka kutoka Kenya asubuhi na kuku na unga wa wimbi. Bibi arusi alifika uani amekaa nyuma ya baiskeli. (Jina la boda boda lilizaliwa huko huko mpakani, kwa hiyo msimwone kuwa alidhalilika.) Babu aliyekuwa hajamwona mjukuu wake tangu 2008 alimshika mkono, hakuuachilia mpaka jioni. Hakuna mtu wa video aliyekuwapo, lakini sisi tuliokuwapo bado tunaisimulia.

Wazee wamekubaliana kwamba mtu yeyote anayetaka kubariki ndoa yake asiulizwe bajeti. Matangazo yatasomwa Jumapili tatu kama kawaida. Chama cha akina mama kina sufuria tatu kubwa na gauni mbili, moja inahitaji kushonwa ukosi. Mwenye cherehani inayofanya kazi tunamwomba amwone katibu baada ya ibada. Na wale wanaojipanga waje kwa mzee wa bloku yao, hata usiku.