Hujatafuta Vizuri

Kuna maneno mawili ambayo ndani ya gemu ni ukweli mtupu, na nje ya gemu mara nyingi ni dhuluma: hujatafuta vizuri. Mtoto amekwama handakini, mlango haufunguki, kazunguka vyumba vyote mara tatu, mwishowe anageuka na kusema gemu imeharibika. Kaka yake, bila hata kutazama kioo, anamjibu: hujatafuta vizuri. Na kaka mtu ana haki ya kusema hivyo. Ninachotaka kuuliza ni haki hiyo kaitoa wapi, na kwa nini wajomba na mashangazi zetu huitumia kana kwamba na wao wanayo.

Wapenzi wa riwaya mnivumilie kidogo, tuanze na ufunguo wenyewe. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda, kazi iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Kijana aitwaye Link anaingia mahandaki tisa, na humo ndani kuna milango iliyofungwa na funguo ndogo zilizotapakaa huku na kule. Nyingine ziko sakafuni tu, nyingine huonekana baada ya kuwamaliza maadui wote wa chumba. Ukiuangalia vizuri, ule si ufunguo kama wa nyumbani kwako. Wa kwako una meno yanayokubaliana na kitasa kimoja, na utafungua leo, kesho na mwaka ujao. Wa Link unafungua mlango wowote wenye kitasa, mara moja tu, kisha unatoweka. Anaweza hata kuubeba kutoka handaki hili hadi lile, na kuna maduka yanayouza funguo kama yanavyouza mishale. Ukiniuliza mimi, kile ni tiketi iliyovaa umbo la ufunguo.

Hapo ndipo kazi ya mtunzi wa gemu inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Kama ufunguo wowote unafungua mlango wowote, basi mchezaji anaweza kuutumia pasipofaa. Chukulia una ufunguo mmoja na milango miwili mbele yako. Wa kushoto unakwenda kwenye chumba chenye ufunguo mwingine. Wa kulia unakwenda kwenye chumba chenye sanduku la vito, basi. Ukianza na wa kulia, umekwisha: ufunguo ulioutumia umeyeyuka, na ule wa pili umefungiwa nyuma ya mlango ambao sasa huna cha kuufungulia. Mtunzi mwangalifu haachi jambo hilo litokee. Anakaa na karatasi yake, anamfikiria mchezaji mwenye bahati mbaya kuliko wote, yule anayechagua vibaya kila njia panda, na anahakikisha hata huyo atafika. Mchezaji hodari hahitaji hesabu hiyo. Inafanywa kwa ajili ya wa mwisho.

Sijui kama watunzi wengi wanaifikiria kazi hiyo kama ya kimaadili. Mimi naiona hivyo. Mtu asiyekujua, aliye mbali nawe kwa maelfu ya kilomita, kakaa akakuhesabia funguo kabla hujazaliwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Hekalu la Maji katika Ocarina of Time ya mwaka 1998. Humo unapandisha na kushusha kina cha maji katika ngazi tatu, na kila ngazi inafungua njia fulani na kuziba nyingine. Watu waliteseka. Wachezaji wengi waliapa kwamba funguo hazitoshi, kwamba kaseti yao ina kasoro. Kumbe katika mnara wa kati, ukipandisha maji hadi ngazi ya pili, kuna bonge linaloelea na kuacha tundu chini yake. Unavaa viatu vya chuma, unazama, na huko chini kuna njia ya kwenda kwenye ufunguo. Wengi walipita pale juu mara kumi bila kutazama chini. Eiji Aonuma, aliyesimamia mahandaki ya gemu ile, ameshaomba radhi hadharani, na toleo jipya la mwaka 2011 liliongezewa mistari ya rangi ukutani ili kumwelekeza mtu. Lakini angalia ameomba radhi kwa nini. Aliuficha mno. Hakuna aliyemshtaki kwa kutouweka.

Kwa hiyo kaka mtu anaposema hujatafuta vizuri, nyuma ya maneno yake kuna mambo yaliyokwisha kuthibitishwa: kuna aliyehesabu, hesabu inatosha, na mlango uliwekwa pale ili wewe upite. Ukiondoa moja tu kati ya hayo, maneno yaleyale yanabaki kuwa kelele.

Na kuna gemu zilizoliondoa. Mwaka 1990 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa King's Quest V, ya Roberta Williams. Mapema katika hadithi, paka anamkimbiza panya mbele ya macho yako. Inatokea kwa muda mfupi sana. Ukiwa na kiatu kikuukuu unamrushia paka na panya anapona. Usipokuwa nacho, au ukishangaa shangaa, panya analiwa na maisha yanaendelea. Baadaye sana unafungwa kamba na kutupwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wageni, na wa kuzitafuna kamba zile ni panya yuleyule. Kama uliacha aliwe, umeshashindwa tangu zamani, ila hakuna aliyekwambia. Saa zote zile katikati ulikuwa unatembea, unazungumza na watu, unakusanya vitu, unaamini bado unacheza. Ron Gilbert alishaandika makala kali mwaka 1989 kuhusu tabia za namna hii, na gemu aliyoitoa mwaka uliofuata, The Secret of Monkey Island, ilitungwa kwa kuzikwepa.

Hapa najua kuna atakayesema: lakini gemu ya panya ndiyo inayofanana na maisha! Maisha nayo hayakwambii kwamba ulishindwa miaka kumi iliyopita, siku ile uliposhangaa. Sawa, inafanana nayo kwa ukatili. Ila hata mle ndani kuna aliyehesabu. Roberta Williams alijua fika kwamba bila panya hutoki. Maisha hayana mtu wa namna hiyo, na ninavyoona mimi, ndiyo maana hatuna ruhusa ya kukopa lugha ya handaki na kuitumia kwa wenzetu bila kulipia.

Nasi tumeikopa kweli. Elimu ni ufunguo wa maisha: nani hajaisoma kwenye ukuta wa shule, kwa rangi ya bluu, chini ya picha ya kitabu kilichofunguliwa? Sina ugomvi na elimu. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, Tanzania ikafuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na zote mbili zilifanya haki. Ninachosema ni kwamba msemo ule una hesabu iliyojificha ndani yake. Ukimwambia mtoto huu ni ufunguo, umemwambia pia kwamba upo mlango, kwamba kitasa chake ni cha ufunguo huu, na kwamba kitakuwa hakijabadilishwa siku atakapofika. Serikali inaweza kugawa funguo. Nani kakaa na karatasi akahesabu milango?

Namjua binti mmoja mtaani kwetu mwenye shahada ya ualimu. Ana faili la plastiki, ndani yake nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, na kila zikichakaa anatoa nyingine. Huu ni mwaka wake wa nne. Siku moja nilimsikia barazani akimwambia mjomba wake, kwa heshima zote, "Mjomba, nimepeleka kila mahali." Mjomba akanywa chai yake, akamjibu, "Hujatafuta vizuri, mwanangu." Akamtajia mtoto wa fulani, aliyemaliza juzi tu na sasa ana kazi. Yule binti hakubisha. Mjomba habishiwi. Ila wiki ile alizunguka tena ofisi zilezile alizokwisha kuzunguka, kama mtoto anayerudi vyumbani mara ya nne kugonga kuta kwa upanga, huenda moja ina ufa.

Kilichonisumbua ni ile hali ya kuamini. Ukimsikiliza sasa, anasema tatizo ni yeye: hana bahati, hajui kujieleza, labda angesoma kozi nyingine. Handakini mawazo hayo yangekuwa na maana, kwa sababu kila kitu kingine kimeshathibitishwa kuwa kizima, na kilichobaki kukaguliwa ni mchezaji. Huku nje hakuna kilichothibitishwa. Kumwambia mtu atafute tena ni rahisi, hakumgharimu msemaji hata senti. Gharama yote inakwenda kwa anayetafuta, pamoja na nauli.

Franz Kafka ana hadithi fupi, Mbele ya Sheria, iliyochapishwa mwaka 1915. Mtu wa shamba anafika kwenye lango la Sheria. Lango liko wazi, lakini mlinzi anamwambia kwa sasa haruhusiwi kuingia. Anakaa hapo akisubiri hadi uzee. Karibu na kufa anauliza mbona hakuna mwingine aliyewahi kuja, na mlinzi anamwambia lango lile liliwekwa kwa ajili yake peke yake, na sasa anakwenda kulifunga. Nikiisoma baada ya Zelda naona ni handaki lililopinduliwa. Mlango wa Link nao umewekwa kwa ajili yake peke yake, ila umefungwa na atapita. Wa yule mzee uko wazi na hatapita. Nadhani kinachotuumiza ni ile ahadi iliyokuwemo muda wote bila mtu wa kuitimiza. Kama angeambiwa siku ya kwanza kwamba haingii kamwe, angerudi shambani kwake akapande kitu.

Ndiyo maana nampenda James, mhusika wa Silent Hill 2 ya mwaka 2001. Mji anaomtafutia mkewe umejaa milango, na sehemu kubwa ya milango hiyo haifunguki. Akijaribu mmoja anaambiwa hali yake: huu umefungwa, ule kitasa chake kimeharibika. Yeye anatoa ramani yake na kalamu nyekundu, anautia alama. Ukishaiona alama hiyo unaacha, unakwenda kwingine, na hakuna anayekuita mvivu. Ni gemu ya kutisha, damu na ukungu kila mahali, lakini katika jambo hili moja inamtendea mtu kwa adabu kuliko baraza nyingi nilizowahi kukaa.

Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Tukisema mlango umefungwa, hatujasema kama umesindikwa tu, au umetiwa ufunguo, au ndiyo basi tena. Duka limefungwa: mwenyewe kaenda kula, au kafilisika? Msikilizaji anajaza mwenyewe, na akiwa na matumaini anajaza lililo jepesi. Anakaa hapo nje akisubiri mwenye duka amalize kula.

Nitapingwa kwamba nawakatisha vijana tamaa. Mtu asiyeamini ufunguo upo hatatafuta, na asiyetafuta hata uliopo hataupata. Hilo nalikubali, na sina dawa yake. Lakini alama nyekundu ya James haikatishi tamaa. Inaokoa muda wa milango iliyobaki. Anayekatishwa tamaa ni yule anayerudishwa kwenye kitasa kilichovunjika mara ya kumi, akiambiwa kasoro iko mkononi mwake.

Na kalamu ipo. Mjomba wa yule binti amefanya kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Anajua shule ipi haijachukua mwalimu mpya tangu lini. Anajua tangazo lipi lilibandikwa mtu akiwa ameshapatikana, na ofisi ipi bahasha zake hazifunguliwi. Ramani nzima anayo kichwani, chumba kwa chumba. Hajawahi kumtilia mpwa wake alama hata moja.