Abiria Asiyeandikwa

Wazee wetu, waliojua biashara na hasara zake, walituachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twapenda kuuliza kama neno hilo lahusu mali peke yake. Je, binadamu naye hawezi kupotea bila habari, kwa sababu tu daftari halikumtaja jinsi alivyokuwa?

Tumfikirie mama mmoja, ambaye mfano wake kila msomaji amepata kumwona. Atoka sokoni kwa bodaboda, ameketi nyuma ya dereva, kikapu mapajani. Gari dogo latokea njia ya pembeni, laigonga pikipiki ubavuni, na mguu wa mama wavunjika chini ya goti. Afikishwa hospitali, apokewa kwa upole, na mfupa wake waungwa vyema. Jioni karani afungua daftari, aandika maneno matatu: ajali ya pikipiki. Hakusema uongo. Lakini je, amesema kweli?

Maneno hayo matatu yaweza kuwa ya dereva, yaweza kuwa ya abiria, yaweza hata kuwa ya mpita njia aliyegongwa akiwa kwa miguu yake. Yamweka mama yule katika kundi la watu ambao hakufanana nao.

Na si kwamba hakuna namna ya kuandika vizuri zaidi. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo ili mataifa yaweze kuziandika kwa lugha moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilizindua toleo lake la kwanza la orodha hiyo, ambalo lilikuwa la sita, na likaingiza ndani yake maradhi na majeraha. Orodha ya kumi ilikubaliwa mwaka 1990, na hata baada ya ile ya kumi na moja kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, hospitali nyingi zingali zikiitumia ya kumi.

Katika orodha hiyo jeraha hupewa alama mbili: moja yasema ni kiungo gani kilichoumia, na ya pili yasema kiliumiaje. Mguu wa mama yetu ni S82. Chanzo chake ni V23, yaani mpanda pikipiki aliyegongana na gari dogo. Kisha, baada ya nukta, huja tarakimu moja. Ikiwa ajali ni ya barabarani, 4 ni dereva, 5 ni abiria, na 9 ni mtu ambaye haikutajwa kama aliendesha au alibebwa. Kati ya 5 na 9 hakuna kazi kubwa. Ni swali moja tu, na mkwaruzo mmoja wa kalamu.

Lakini tazama kinachofuata. Sheria za Tanzania na za Kenya zataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine, ile ambayo wengi huiita bima ndogo. Dereva mwenyewe hahesabiwi humo. Abiria anayelipa nauli ahesabiwa. Mama yule atakapodai haki yake, ataulizwa karatasi za polisi na za hospitali, nazo hazitasema kwamba alikuwa abiria.

Tena yako mambo ya watu wote. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Barabarani twaona mara nyingi dereva ana kofia, na aliye nyuma yake hana. Ni wangapi kati ya walioumia vichwa walikuwa abiria? Daftari lililojaa 9 haliwezi kujibu, na wenye kutunga sheria hawawezi kumtetea mtu wasiyemwona.

Mganga aweza kutujibu kwa haki: “Mtu yuko katika kutokwa damu, nami nimuulize alikaa wapi?” La, kwanza azuie damu. Lakini kesho yake mgonjwa atakuwa na ndugu kitandani pake, na swali lile halizidi pumzi moja. Na ikiwa kweli hakuna ajuaye, mathalani majeruhi ameokotwa hana fahamu na wasamaria wameondoka, basi 9 ndiyo kweli, na aiandike bila haya. Kukiri kutojua ni sehemu ya ukweli. Aibu ni kuiandika pale ambapo ingetosha kuuliza.

Liko jaribu lingine, gumu zaidi, kwa kuwa huja limevaa nguo za huruma. Ndugu wamsihi mganga: “Andika alikuwa abiria, bima imlipe,” na kumbe ndiye aliyekuwa akiendesha. Au wamwambia: “Andika alikuwa akitembea kwa miguu,” kwa sababu walipanda mshikaki, watu watatu nyuma ya dereva mmoja, jambo ambalo sheria yakataza. Ni maskini, na mganga ana moyo. Afanyeje?

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uongo wowote ni uovu, hata ule unaosemwa ili kuokoa. Wako wanaomwona kuwa mkali mno. Lakini hata hao na watazame ni nani atakayelipa sadaka hiyo. Daftari la hospitali si mali ya mganga, hata aligawe kwa hisani. Ni ushahidi wa wagonjwa wote. Karatasi moja ya uongo ikigunduliwa, mia za kweli zatiliwa shaka, na atakayezungushwa miaka kwa ajili ya shaka hiyo ni mama yetu wa kikapu, ambaye hakumdanganya mtu. Kumhurumia mmoja kwa kumwibia mwingine asiyekuwapo si huruma. Mganga mwenye moyo anazo njia nyingine: amtibu vema, amwombee msamaha wa gharama, amwelekeze kwa wenye kujua sheria.

Wala wajibu huu si wa waganga na makarani peke yao. Katika kila familia yetu yuko apandaye bodaboda. Tuwafundishe watoto kwamba afikaye hospitali na majeruhi aseme mambo matatu: nani aliendesha, nani alibebwa, na waligongana na nini. Ayaseme yalivyo, hata kama yamwaibisha ndugu yake. Kisha asubiri kidogo, atazame kama yameandikwa.