Tukisema Mama ni Mti



Sisi watu wa pwani ya kusini, na wenzetu wa uwanda wa juu wa Makonde, tuna desturi ya kumsifu mwanamke kwa kumfananisha na vitu vya nchi. Tunasema mama ni ardhi, mama ni kisima, mama ni mti wenye kivuli. Maneno haya husemwa harusini, husemwa matangani, na hata katika mahubiri husemwa. Ni maneno mazuri, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini yafaa tukae kidogo tujiulize: tunapomfananisha mwanamke na nchi, je, tunampa heshima, au tunamtwisha mzigo, kisha mzigo huo tunauita heshima?

Swali hili nimeletewa na picha. Msichana mmoja wa sekondari hapa Mtwara aliichora kwa mkaa na rangi za maji, ikabandikwa ukutani pamoja na kazi za wenzake. Jina lake silitaji, maana yu mtoto bado, na picha yatosha. Katika picha hiyo yupo mama amesimama topeni wakati wa maji kupwa. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana miguu kama yetu. Ana mizizi mingi iliyopinda, kama mizizi ya mkoko. Samaki wadogo na kamba wamejificha katikati yake. Mgongoni amembeba mtoto kwa kanga, na kichwani amejitwika ndoo. Watu waliopita mbele ya picha walifurahi, wakasema, "Kweli, mama ndiye mti wa uhai." Wachache waliona ya kuwa mzizi mmoja umekatwa kwa panga, na jeraha lake bado bichi. Wachache zaidi waliona macho ya yule mama. Hayamtazami mtoto, wala hayatazami bahari. Yanamtazama yeye anayeitazama picha.

Kwanza tukiri kwamba msichana alifananisha vizuri. Mtu aliyefika Msimbati, au mahali Ruvuma unapoingia baharini, ameiona mikoko. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na maji, huvunja nguvu ya mawimbi, na huwa maficho ya samaki wachanga na kamba mpaka wapate nguvu ya kwenda kilindini. Tena mkoko una jambo ambalo miti mingi haina: mbegu yake huota ingali imening'inia juu ya mti uliouzaa. Mche hurefuka hapo hapo, ukilishwa na mama yake, ndipo huanguka topeni na kushika mizizi. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake, akalitia katika picha, amesoma nchi yake.

Wala hakuanza yeye. Wamakonde, wa upande wetu na wa ng'ambo ya Ruvuma, wamejulikana duniani kwa kuchonga, na katika vinyago vyao mwanamke ana nafasi ya mbele. Yuko mama mwenye mtoto mgongoni. Yuko mama ambaye jamaa yake yote wamemzunguka na kupandana, kama matawi juu ya shina. Kipo pia kinyago cha mwili, kilichochongwa kifua na tumbo la mwanamke mwenye mimba, nacho huvaliwa na mchezaji mwanamume ngomani. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Si ajabu basi kwamba walimwona mama kuwa ndiye shina.

Iko na hadithi ya asili yao. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka nchi za Masasi na Newala, akaiandika. Hapo kale palikuwa na mtu mmoja porini, peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja alichonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha nyumbani kwake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke, naye akawa mkewe. Wakashuka Ruvuma kuoga. Mwanamke akazaa, mtoto akawa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Akazaa tena, mtoto akawa mfu. Ndipo wakapanda juu, nchi ya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Yule mzee akawaamuru watoto wake wawazike wafu wima, kwa kumkumbuka mama yao, aliyepata uhai akiwa amesimama. Akawaamuru tena wasijenge mabondeni karibu na mito, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji, angalau mwendo wa saa moja.

Tuiangalie hadithi hii kwa makini. Huyo mama wa kwanza amepewa heshima kubwa, hata maiti husimamishwa kaburini kwa ajili yake. Lakini mzee yule yule aliyemheshimu aliwawekea binti zake safari ya saa moja kwenda majini na saa moja kurudi, wamejitwika. Alikuwa na sababu. Mabondeni kuna mbu na homa, na watoto wake walikufa; sisemi alikosea. Nasema tu kwamba hadithi haikueleza ni nani atakayechota maji, wala haikuona haja ya kueleza. Kila aliyeisikia alijua. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua mara moja, na chemchemi ziko chini, kwenye miteremko. Vizazi na vizazi njia hizo zimekanyagwa na nyayo za wanawake.

Hapo ndipo hatari ya mfano ilipo. Nchi hatuishukuru kwa kutupa muhogo. Hakuna anayemlipa mkoko kwa kulea kamba. Kitu tukishakiita asili, ni kama tumesema kwamba kutoa kwake hakuna gharama. Ndivyo ilivyo kwa mama. Akiamka alfajiri, akachota, akatwanga, akaenda mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza, akarudi kupika, tunasema, "Mama ndivyo alivyo." Mume akifanya nusu yake tunasema amefanya kazi.

Mikoko nayo tuliitendea vivyo hivyo. Kando ya pwani yetu ilikatwa kwa boriti na kwa kuni za kuchomea chokaa, ikafyekwa kupisha mashamba ya chumvi, kwa sababu ilionekana kama haina mwisho. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilometa za mraba 650 hivi. Hapo ilikubaliwa kisheria kwamba bahari na mikoko navyo huchoka, na kwamba mahali pengine mkono wa mtu hauna budi kuzuiwa.

Labda mzee mmoja atasema, "Lakini je, mimba si ya asili? Maziwa ya mama si ya asili? Mungu mwenyewe ndiye aliyemfanya mwanamke kuwa kama nchi izaayo." Ni kweli kwamba mimba na maziwa ni vya asili, navyo ni utukufu wa mwanamke. Lakini ndoo haikuota kichwani. Tutofautishe mambo ambayo Mungu aliyaweka mwilini na mambo ambayo desturi iliyaweka kichwani. Tukiyachanganya, tutamsingizia Mungu amri ambazo hakuzitoa.

Tena tufungue Kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya pili aliyefanywa kwa mavumbi ya ardhi ni mwanamume. Mwanamke ametolewa ubavuni, katika mwili uliokwisha kuwa hai. Basi kama ni lazima mtu fulani aitwe ardhi, Maandiko yanaanza na baba! Na katika sura ya kwanza wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na wote wawili wamekabidhiwa nchi. Mwanamke ni mtunzaji wa shamba pamoja na mwenzake. Yeye mwenyewe si shamba.

Liko jambo jingine la kufikiri: ni nani anayeshika kisu, na ni nani anayechongwa. Kwa desturi ya Wamakonde kuchonga mti ni kazi ya wanaume, na kufinyanga udongo ni kazi ya wanawake. Hivyo sura ya mwanamke iliyokwenda duniani ni ile aliyoiona mwanamume. Inaweza kuwa nzuri na ya upendo, kama wengi wetu tunavyowapenda mama zetu, lakini ni ushahidi wa upande mmoja.

Upande wa pili tunausikia kwa Reinata Sadimba. Alizaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, akajifunza ufinyanzi kwa mama yake. Alikuwamo katika harakati za ukombozi wa Msumbiji. Miaka ya 1980 aliishi huku Tanzania, na mwaka 1992 akarudi kwao, akakaa Maputo, na kazi zake zikajulikana nchi nyingi. Mikononi mwake chungu kiliota kichwa na mikono, kikabeba watoto, kikapigwa chale za Kimakonde usoni. Watu wake wa udongo si wapole wakati wote. Wengine wanachekesha na wengine wanatisha kidogo. Katika hadithi ya kale mwanamume alichonga mwanamke akapata uhai. Hapa mwanamke ameshika udongo mwenyewe, akaumba watu kama anavyowajua.

Nadhani msichana wetu amefahamu jambo hilo. Hakuukataa mfano wa mti. Ameukubali wote, mizizi na samaki na mtoto, kisha akaongeza jeraha na akaongeza macho. Mkoko hauwezi kumwuliza mkataji kwa nini anakata. Mama aweza kuuliza, na yule wa pichani anauliza.

Tufanyeje, basi? Mimi nashauri tusiutupe mfano wetu wa zamani. Tuufuate mpaka mwisho wake. Tukisema mama ni kama mwamba wa pweza, vema: ziko sehemu za pwani ya Tanzania ambako wavuvi hukubaliana kuufunga mwamba miezi kadhaa, pweza wapate kukua. Mama anafungiwa lini? Tukisema mama ni shamba, Torati iliamuru shamba lipumzike mwaka wa saba. Mwaka wa saba wa mama ni upi? Tukisema mama ni mpingo, basi tukumbuke kwamba mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kwa fundi, na anayekata mche hapati kinyago wala mti. Binti anayetolewa shuleni ili akabebe ndoo na mimba kabla ya wakati wake ni mche uliokatwa.

Tena tusiishie kuwatazama jirani. Tujitazame sisi wenyewe kanisani. Siku ya sikukuu ya parokia, nani huchota maji? Nani hushinda motoni tangu usiku, akaingia ibadani amechelewa na macho mekundu kwa moshi? Na nani hukaa mezani pamoja na wageni, akatoa hotuba ya kuwashukuru akina mama, kisha akaomba aongezewe wali? Si vigumu kwa vijana wa kiume kubeba ndoo, wala kwa wazee wa kanisa kuosha sahani. Shukrani ya namna hiyo hueleweka upesi kuliko hotuba.

Na ninyi wazazi mlio na binti anayechora, msimwambie kwamba anaharibu karatasi. Mkalisheni, mwulizeni ameona nini. Huenda ametuona sisi.