Kofia ya Kuficha Uso

Neno letu wiki hii ni Waebrania 13:3. Tunaagizwa pale tuwakumbuke wafungwa, tena tujihesabu kuwa tumo kifungoni pamoja nao. Ni agizo zito, na Waholanzi walilielewa kwa machungu.

Uholanzi iliacha kunyonga wahalifu wa kawaida mwaka 1870. Badala ya kitanzi ikaegemea kifungo cha upweke. Sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 1886 iliruhusu mtu akae peke yake katika seli hadi miaka mitano. Akitoka nje ya seli alivikwa kofia iliyoshuka hadi usoni, yenye matundu ya macho, ili mwenzake asimtambue. Na katika baadhi ya magereza, hata ibadani kila mfungwa aliketi ndani ya kizimba chake cha mbao, akamwona mhubiri tu. Hilo linanichoma moyo. Wengi waliounga mkono mpango huo walikuwa watu wa dini wenye nia njema, walioamini kwamba mkosaji akiachwa peke yake na Biblia yake atatubu. Watumishi wa Mungu wakasimama mbele ya vizimba vile Jumapili hadi Jumapili, wakihubiri ushirika wa watakatifu kwa watu waliokatazwa kuonana nyuso.

Kisha Wajerumani wakaivamia nchi mwaka 1940. Gereza la Scheveningen likajaa wapinzani wa uvamizi, na wananchi wakalibandika jina la Oranjehotel. Zaidi ya watu 25,000 walipitia humo, na miongoni mwao walikuwamo wasomi na wachungaji, watu ambao zamani gereza walilisikia tu. Walikwaruza maandishi ukutani. Seli namba 601, walimokaa waliosubiri kuuawa, imehifadhiwa mpaka leo. Vita vilipokwisha, walionusurika hawakuweza tena kuzungumzia upweke wa seli kama dawa ya roho, kwani walikwisha kuuonja. Mwaka 1946 iliundwa tume ya kutengeneza upya magereza, iliyoitwa tume ya Fick, mwaka uliofuata ikatoa ripoti yake, na sheria mpya ya magereza ya mwaka 1951 ikaacha upweke kuwa kanuni ya kifungo. Wafungwa wakaanza kuishi na kufanya kazi pamoja.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, watu watatu walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega: Willem Pompe, mwanasheria Mkatoliki, Ger Kempe, mtaalamu wa elimu ya uhalifu, na Pieter Baan, daktari wa magonjwa ya akili. Walitaka hakimu, msomi na daktari wakutane na mkosaji kama binadamu mwenzao, wamsikilize, wamjue, kabla ya kusema lolote juu yake. Msomi mwingine wa hapohapo, Rijksen, aliwaomba wafungwa waandike wanavyoiona haki ya jinai, na mwaka 1958 maoni yao yakatoka kitabuni.

Ukitaka kuona fikra hiyo ikifanya kazi, tazama kituo cha uchunguzi kilichofunguliwa Utrecht mwaka 1949, ambacho baadaye kilipewa jina la Baan. Kwa miaka mingi mshtakiwa alikaa humo wiki saba. Aliishi na wenzake, akapika, akacheza, akagombana, na watumishi wakaangalia anavyojibu akiudhiwa. Daktari na mwanasaikolojia walizungumza naye tena na tena, na afisa mmoja akafunga safari kuwauliza wazazi, walimu na waajiri wake wa zamani alikuwa mtu wa namna gani. Mwishoni hakimu aliandikiwa ni kwa kadiri gani tendo lile, ikiwa kweli amelitenda, laweza kuhesabiwa kuwa lake.

Msidhani Pompe alitaka adhabu ifutwe. Alishikilia kwamba adhabu ni malipo ya kosa, na kwamba kumwadhibu mtu ni kumtambua kuwa anaweza kuwajibika. Hapo nakubaliana naye kwa moyo wote. Kumwambia mtu kwamba hakuweza kutenda vinginevyo kunaonekana huruma, kumbe kunamvua utu.

Ila andiko letu linawataja pia walioonewa, na hao walichelewa kukumbukwa. Haki ya aliyeumizwa na uhalifu kusimama mahakamani aeleze yaliyompata iliingia katika sheria ya Uholanzi mwaka 2005. Miaka mingi mno kwa mama aliyeuliwa mtoto wake.

Liko jingine linalonisumbua. Tangu mwaka 1928, mkosaji mwenye maradhi ya akili anaweza kuamriwa atibiwe katika kliniki chini ya ulinzi, na mahakama huongeza muda wake, siku hizi mwaka mmoja au miwili kila mara, ikiona bado ni hatari kwa watu. Wapo waliokaa humo zaidi ya miaka kumi, muda mrefu kuliko kifungo ambacho kosa lao lingewapa. Siwalaumu madaktari, wala siwadharau majirani wanaoogopa. Lakini mfungwa wa kawaida anaijua tarehe yake ya kutoka, naye huyu anangoja kikao kingine. Anayemwendea kumtazama mtu wa namna hiyo asione haya kuwauliza wakubwa wa kliniki wanafanya nini ili siku moja atoke.