Kupima Mafuta Si Dhana Mbaya

Ndugu msomaji, mwambie muuzaji kuwa wataka mafuta yake yapimwe, utamwona akunja uso: "Kwani waniona mwizi?" Na wako wamwungao mkono, wakisema kuwa kumpima Mwislamu ni kumdhania ubaya, na dhana mbaya tumekatazwa. Neno hili lataka kuangaliwa.

Wataalamu wa leo wametengeneza kipimo cha uzi wa kioo, mwembamba mfano wa unywele, upitishao mwangaza ndani yake. Sehemu ya uzi huo huambuliwa gamba lake, ikapakwa utando mwembamba mno wa dhahabu au fedha, kisha ikachovywa katika mafuta. Kila mafuta yana kadiri yake ya kupinda mwangaza: ya nazi hupinda kidogo kuliko ya zeituni, na ya alizeti hupinda zaidi ya hayo. Yakichanganywa, mwangaza utokao ncha ya pili hubadilika.

Je, huku ni kudhani? Twasema: sivyo. Dhana ni kuhukumu pasina ushahidi, na kupima ni kuutafuta huo ushahidi. Mizani nayo ni kipimo, wala hatujasikia muuza mchele akilalama kuwa ametukanwa kwayo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha.

Mwaka 1959, mjini Meknes katika nchi ya Moroko, watu wapatao 10,000 walipatwa na kupooza kwa kula mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya mitambo ya ndege. Maskini wale walikuwa na macho yao na pua zao, na kumwamini muuzaji.

Lakini kipimo nacho kina mpaka. Mafuta mawili yapindayo mwangaza kwa kadiri moja huweza kukipita, na sumu chache pia. Hapo atatokea mjanja aseme: "Yamepita kipimo, basi ni halali." Huyu twamkhalifu zaidi kuliko yule wa kwanza. Wajibu wa kusema kweli haukuletwa na uzi wa kioo. Ulikuwa juu yake tangu alipofungua pipa, kwani yeye ndiye ajuaye alichotia. Mnunuzi ameitoa pesa yake kwa jina la nazi. Kumpa nazi na kitu kingine, hata kisichomdhuru, ni kuichukua mali yake bila ya ridhaa yake. Akitaka kuuza mchanganyiko, na auuze. Ila aandike juu ya chupa kuwa ni mchanganyiko, na bei iwe ya mchanganyiko.